Saba Katika Hesabu ya Sitini

Makarani wa Babeli, katika nchi iitwayo leo Iraki, walihesabu kwa sitini. Alama zao zilikuwa mbili tu, ya moja na ya kumi, zikipigwa kwa ncha ya utete juu ya udongo mbichi. Kwa hizo waliandika kila namba hata 59. Ilipofika sitini, alama ya moja ilirudi, ikawekwa mahali pa kushoto. Sifuri hawakuwa nayo zama hizo, hivyo alama ile ile yaweza kuwa 1, au 60, au 3,600, na msomaji aliachiwa kutambua mwenyewe.

Atakaye kugawanya kwa 5 alizidisha kwa 12, maana 5 mara 12 ni 60. Basi kila namba ilitafutiwa mwenzi, na jozi hizo zilikaririwa shuleni, kama vionyeshavyo vibao vilivyofukuliwa Nippur, vya yapata karne ya 18 kabla ya Kristo: 2 na 30, 3 na 20, 4 na 15, 5 na 12, 6 na 10. Mwenzi wa 8 ni 7, 30, yaani 7 na nusu ya sehemu za sitini. Wa 9 ni 6, 40. Orodha ya kawaida huishia 81, ambayo mwenziwe ni 44, 26, 40. Zikizidishwa hutoka 12,960,000 kamili, yaani 60 × 60 × 60 × 60.

Lakini baina ya 6 na 8 pana pengo. Vibao vingine huiruka saba kimya. Vingine husema waziwazi kuwa haina mwenzi. Sitini imejengwa kwa 2, 3 na 5 peke yake, na namba yenye kiungo kingine chochote haiigawanyi, hata sitini izidishwe mara ngapi. Subui ikiandikwa kwa sitini ni 8, 34, 17, kisha 8, 34, 17 tena, bila kikomo. Walakini ila hiyo si ya saba. Ahesabuye kwa kumi hupatwa na lilo hilo kwa thuluthi, ambayo kwa Mbabeli ilikuwa 20 tu. Na kama wangekuwapo watu wahesabuo kwa saba, subui yao ingetosha kwa tarakimu moja.

Walimu hawakuikwepa namba hiyo. Kibao kimoja kilichohifadhiwa Yale kina mafumbo ya jiwe lisilojulikana uzito wake, likipunguzwa au kuongezwa subui, na sehemu ya kumi na moja, na ya kumi na tatu. Yamkini hakuna mfanyabiashara aliyepima jiwe la namna hiyo. Ni mtego wa mwalimu.

Theon wa Iskanderia, katika karne ya 4, alidhani sitini ilichaguliwa kwa kuwa hugawanyika kwa urahisi. Hayo ni kusema mtu alipewa vidole ili avae pete: faida imegeuzwa kuwa asili.

Wanajimu wa Kiyunani waliirithi, kisha wa Kiarabu. Al-Kashi, huko Samarkand mwaka 1424, aliandika kwa sitini uwiano wa mzingo wa duara na nusu ya kipenyo chake. Kiswahili nacho kililipokea neno dakika kutoka Kiarabu, ambamo maana yake ni kitu chembamba. Ufaransa ilijaribu mwaka 1793 kuwa na siku ya saa kumi na saa ya dakika mia. Mwezi wa Aprili 1795 sharti hilo liliondolewa.