Mtu Bora na Mtu wa Kuigwa: Shaaban Robert kati ya Adili na Siti binti Saad

Utangulizi

Mwulize mwanafunzi wa sekondari akutajie sifa za mtu bora, naye hatasita: mkweli, mwadilifu, mchapakazi, mwenye huruma, mwenye kuheshimu wakubwa na kuipenda nchi yake. Orodha hiyo ameipata nyumbani, katika nyumba za ibada na darasani. Mwulize sasa anamwiga nani, na katika jambo gani hasa. Mara nyingi atataja jina kubwa, kisha atashindwa kueleza analoliiga.

Makala hii inadai kwamba ugumu huo hautokani na uhaba wa watu wema. Unatokana na kuchanganya mambo mawili yenye kazi tofauti: kipimo cha ubora na mtu wa kuigwa. Kipimo kinapaswa kuwa kamili, la sivyo hakipimi. Mtu wa kuigwa akiwa kamili haigiki, kwa kuwa haonyeshi alivyofika alipo. Hoja hii itajengwa juu ya kazi za Shaaban Robert (1909–1962), mwandishi aliyetuachia aina zote mbili.

Mtu bora kama kipimo

Katika Adili na Nduguze (1952), Adili ni liwali wa Janibu aliyesalitiwa na ndugu zake wawili, Hasidi na Mwivu. Ndugu hao wamegeuzwa manyani, na Adili ameamriwa na jini awapige kila usiku. Anatii, lakini akishaweka mjeledi chini huwabembeleza na kuwalisha. Tukio hilo lina nguvu: mtu yule yule anatekeleza adhabu na kuwahurumia wanaoadhibiwa. Hata hivyo, msomaji haonyeshwi Adili alijifunzia wapi kusamehe, wala usiku gani alikaribia kushindwa. Msamaha anao tangu mwanzo, kama mwingine alivyo na kimo kirefu. Jina lake limeshatoa hukumu kabla ya yeye kutenda lolote. Ndivyo ilivyo pia kwa Utubora, mhusika mwingine wa Shaaban Robert, anayeacha kazi ya mshahara Unguja na kwenda kulima.

Wahakiki wamezoea kuliita jambo hili udhaifu wa usanii. Ukilitazama kwa kazi linayoifanya, hukumu hiyo ni ya haraka. Katika Kusadikika (1951), Karama anashtakiwa na Waziri Majivuno kwa kufundisha elimu ya sheria, naye anajitetea kwa kusimulia habari za wajumbe sita waliotumwa nje, wakarudi na maarifa ya kuifaa nchi, wakalipwa adhabu. Kama Karama angekuwa na doa, baraza lingepata pa kujifichia, na mjadala ungehama kutoka uonevu wa watawala hadi tabia ya mshtakiwa. Ukamilifu wake unauacha udhalimu bila kisingizio, na kwa kitabu kilichotoka chini ya ukoloni, hilo si jambo dogo. Mhusika wa namna hii hakuumbwa ili tuishi kama yeye. Aliumbwa ili tuone wengine wanavyoishi.

Orodha inapotafuta maisha

Fasihi ya pwani ilikuwa na orodha za sifa zamani kabla ya Shaaban Robert. Mwana Kupona, mjane wa mtawala wa Siyu, alimtungia binti yake utendi wa mawaidha mwaka 1858, akiwa mgonjwa. Unasomwa zaidi kama orodha ya wajibu wa mke, na umezua mabishano kuhusu nani hasa ananufaika na sifa hizo. Lakini mtunzi haamrishi tu. Anaileta ndoa yake mwenyewe kama ushahidi: niliishi na baba yako hivi, naye alifariki akiwa radhi nami. Msomaji anaweza kuyakataa mafunzo ya ushahidi huo, lakini ana kitu cha kubishana nacho. Hata katika utanzu wa mawaidha, orodha peke yake haikutosha.

Wanafalsafa wamelijadili suala hili kwa njia yao. Mwaka 1785 Immanuel Kant alionya kwamba maadili hayawezi kuchotwa kutoka kwenye mifano ya watu, kwa sababu kila mfano lazima kwanza upimwe kwa kanuni ili ijulikane kama unastahili. Linda Zagzebski, katika kitabu chake cha mwaka 2017, anaanzia upande wa pili: kwanza tunavutiwa na watu fulani, na ni kwa kuwachunguza hao ndipo tunapojua wema ni nini. Naye Susan Wolf aliuliza mwaka 1982 kama kweli tungependa sisi au wapendwa wetu wawe watakatifu wa maadili, watu ambao wema umewamaliza hata hawana nafasi ya kitu kingine.

Kwa maoni yangu, Kant yuko sahihi kuhusu kupima na Zagzebski yuko sahihi kuhusu kujifunza. Kanuni hutuambia kama tendo ni jema. Haituambii mtu mwenye njaa, hofu au aibu analifikiaje tendo hilo. Hilo hufundishwa na maisha ya mtu.

Siti binti Saad: njia inayoonekana

Katika Wasifu wa Siti binti Saad, Shaaban Robert anaacha nchi za kubuni na kumwandika mwanamke halisi aliyefariki mwaka 1950. Siti alizaliwa Fumba, Unguja, katika ukoo wa watumwa, akapewa jina la Mtumwa. Alifinyanga vyungu na kuvitembeza akiviuza. Shule hakusoma. Mwaka 1911 alihamia mjini, akafundishwa muziki na Ali Muhsin, na baadaye akawa na kundi lake. Taarabu, iliyokuwa ikiimbwa kwa Kiarabu kwenye kasri la Sultani, yeye aliiimba kwa Kiswahili. Mwaka 1928 alikwenda Bombay kurekodi santuri zake.

Hapa kila hatua ina mwanzo, uamuzi na gharama. Wapinzani walimtungia nyimbo za kejeli wakimkumbusha umaskini aliotoka nao shamba. Alijibu kwa wimbo pia, akiiweka akili juu ya sura na nasaba. Katika wimbo wa Kijiti alisimulia kesi ya mwanamke aliyeuawa, ambapo muuaji alitoroka na wanawake waliotoa ushahidi ndio walioishia kuadhibiwa. Ujasiri huo anaweza kuusifu kila mtu. Kinachofundisha zaidi ni kuona ulivyotumika: mwanamke asiye na cheo, katika mji uliotawaliwa na Sultani chini ya ulinzi wa Waingereza, alitumia chombo alichokuwa nacho, yaani sauti, kuisema mahakama hadharani.

Kuiga ni nini?

Pingamizi linatabirika: tukiwaruhusu watu wenye kasoro wawe vielelezo, vijana watazichukua kasoro pamoja na wema. Hofu hii inachukulia kwamba kuiga ni kunakili. Bi Kidude, mwimbaji wa taarabu wa Unguja aliyefariki mwaka 2013, alijifunza kwa kumsikiliza Siti, na aliimba nyimbo zake, Kijiti ukiwamo. Lakini hakuwa Siti wa pili. Alipiga ngoma za unyago, alivuta sigara, na aliishi kwa namna ambayo wengi wasingependa mabinti zao waishi. Alichokirithi ni sababu ya tendo: kwamba mwanamke wa tabaka la chini ana haki ya kusikika kwa lugha yake na kwa sauti yake. Sigara ilikuwa yake mwenyewe.

Kwa hiyo anayefaa kuigwa anapaswa kutimiza masharti mawili. Kwanza, njia yake ionekane: tujue alianzia wapi, alichagua nini na alilipa nini. Umaarufu wa siku hizi mara nyingi hukosa sharti hili, kwani hutuonyesha nyumba na gari bila kutuonyesha safari. Pili, akubali kupimwa. Asiyeruhusiwa kukosolewa amehamishwa kutoka kundi la watu hadi kundi la sanamu, na sanamu huheshimiwa tu. Sharti la pili ndilo linalorudisha orodha ya sifa kazini, maana bila Adili na Karama tusingekuwa na cha kumpimia Siti wala Bi Kidude.

Hitimisho

Somo la maadili katika shule zetu huegemea zaidi orodha, na wasifu huingia kama pambo: jina, tarehe, cheo, sifa. Mabadiliko yanayohitajika si makubwa. Mwanafunzi asomapo maisha ya mtu aulizwe ni wapi mtu huyo angeweza kuchagua vingine, kwa nini hakuchagua hivyo, na ni tendo gani lake tunalikataa. Atakayeweza kujibu swali la mwisho bila kuacha kumheshimu mhusika ndiye aliyeanza kuiga kwa akili.