Adabu za mgeni kisiwani Mayotte
Visiwa vitatu vya Komoro vilipojitangazia uhuru mwaka 1975, kisiwa cha nne, Mayotte, kilisalia chini ya Ufaransa, na mwaka 2011 kikawa mkoa wake kamili. Sheria, shule na sarafu ya yuro ni za Kifaransa, lakini adabu ni za Kiislamu na za mwambao.

Lugha ya wenyeji, Kishimaore, ina udugu na Kiswahili, na udugu huo waweza kumponza Mswahili. ‘Marahaba’ huko ni asante. Kijana humwamkia mzee kwa kusema ‘kwezi’, naye mzee hujibu ‘mbona’. Hilo ni itikio, si swali.

Mgeni avue viatu mlangoni, ale kwa mkono wa kulia, na asile hadharani mchana wa Ramadhani. Mavazi ya kuogelea yaishie ufuoni. Wanawake wengi hujipaka usoni msindzano, yaani msandali uliosagwa. Asiwapige picha kabla ya kuomba ruhusa.

Ofisini na madukani Kifaransa chatosha. Nyumbani kwa watu, salamu hutangulia haja.