Mpira na Fedha: Kutoka Kiwandani hata Ufuoni

Katika Ziwa la Viktoria, upande wa Homa Bay, kiko kisiwa kidogo kiitwacho Takawiri. Watu wake ni wavuvi, na ufuo wake una mchanga mweupe na minazi, kana kwamba ni kipande cha pwani ya bahari. Mvulana wa ufuoni hahitaji vitu vingi ili acheze mpira: matambara yaliyokazwa kwa kamba, na mchanga wa kukimbilia. Mchezo wake haumgharimu hata senti. Lakini mashindano makubwa anayoyafuata redioni yana gharama, na gharama yenyewe si haba. Basi mchezo na fedha zilikutana wapi, na urafiki wao umemfaa nani?

Wazee wa Nyanza walikuwa na michezo yao tangu zamani. Vijana walishindana kwa mieleka, na watu wazima walicheza ajua, yaani bao, kivulini. Michezo hiyo haikuwa na saa wala kiingilio. Ilichezwa kazi ilipokwisha, na jua lilipokuchwa watu walikwenda zao. Mshindi alipata sifa, nazo zilimtosha.

Mpira wa miguu tuujuao leo ulikulia penginepo. Katika karne ya 19, maelfu ya Waingereza waliacha mashamba wakaingia viwandani, ambako kazi ilipimwa kwa saa na kulipwa kwa mshahara. Sheria ya mwaka 1850 iliamuru kwamba katika viwanda vya nguo kazi ya wanawake na vijana ikome saa nane mchana siku ya Jumamosi. Polepole wafanyakazi wakapata mambo mawili kwa pamoja: nusu siku ya mapumziko, na fedha kidogo mfukoni. Mwaka 1863 chama kiliundwa London ili kuandika kanuni za mchezo. Klabu nyingine zilitoka moja kwa moja kazini: Manchester United ilianza mwaka 1878 kama timu ya wafanyakazi wa reli, na Arsenal ilianzishwa mwaka 1886 na mafundi wa kiwanda cha silaha. Mwaka 1885 wachezaji waliruhusiwa kulipwa, na mwaka 1888 ligi ikaanza. Kwa maana klabu yenye kulipa mishahara haina budi kupata viingilio kila juma. Hivyo mchezo ukawa bidhaa.

Bidhaa hiyo ilitufikia pamoja na nyingine. Reli ya kutoka Mombasa ilifika Kisumu mwaka 1901. Kodi ya serikali ya kikoloni iliwalazimisha vijana kutafuta mshahara Nairobi, Mombasa na katika mashamba ya chai ya Kericho, na huko, kama vile shuleni na misioni, waliujua mpira. Mwaka 1926 Kenya na Uganda zilianza kushindania Kikombe cha Gossage. Gossage hakuwa mchezaji wala gavana. Lilikuwa jina la kampuni ya Uingereza iliyotengeneza sabuni. Tangu mwanzo, basi, kikombe kilibeba tangazo la biashara.

Baadaye, katika nchi yetu, klabu zilifuata njia mbili. Ya kwanza ni ya klabu za watu. Gor Mahia iliundwa mwaka 1968 kwa kuunganisha timu za Waluo, ikapewa jina la mganga mashuhuri wa Kanyamwa, katika Homa Bay ya leo. Nguvu yake ilikuwa wafuasi, wengi wao wafanyakazi waliokuwa mbali na kwao. Mwaka 1987 ilitwaa Kombe la Washindi la Afrika: ilitoka sare ya 2-2 na Esperance huko Tunis, kisha 1-1 Nairobi, ikashinda kwa mabao ya ugenini.

Njia ya pili ni ya klabu za makampuni. Huko Awendo, katika Migori, Kampuni ya Sukari ya South Nyanza, iliyoanzishwa mwaka 1979, ililea timu yake, SoNy Sugar. Mwaka 2006 timu hiyo ya mji mdogo wa miwa ilikuwa bingwa wa Kenya. Bila fedha za sukari, jambo hilo lisingalitokea, na si haki kulisahau. Lakini biashara ya sukari ilipodhoofika, timu nayo ilidhoofika. Mwaka 2019, baada ya kukosa kufika uwanjani katika mechi tatu, iliondolewa katika ligi.

Mwaka huohuo Gor Mahia nayo ilipata pigo. Ilikuwa ikidhaminiwa na SportPesa, kampuni ya kamari, ambayo mwaka 2017 iliwezesha Everton kuja Dar es Salaam kucheza nayo. Fedha hizo zilitoka kwa mashabiki wenyewe, shilingi baada ya shilingi, kwa njia ya simu. Serikali ilipokataa kuongeza leseni ya kampuni hiyo, udhamini ulikoma, na mishahara ya wachezaji ikawa taabu. Hata hivyo klabu haikufa. Mwaka 2023 ilikuwa bingwa tena.

Tofauti ya klabu hizi mbili yatufundisha nini? Fedha hujenga viwanja, hulisha wachezaji na huwafikisha vijana wa vijijini mahali ambapo wasingefika. Lakini fedha hufuata faida, na faida ikihama, nazo huhama. Mtegemea cha nduguye hufa maskini. Klabu yenye wenyewe huweza kuugua na kupona; isiyo nao huzikwa pamoja na mfadhili wake.

Kwa hiyo, msomaji kijana, utakapoona jina la kampuni kifuani mwa mchezaji, usilidharau wala usilisujudie. Uliza fedha hizo zimetoka mfukoni mwa nani, na ni nani atakayebaki uwanjani siku zitakapokwisha. Kule Takawiri mpira wa matambara utakuwa ungali ukichezwa hata jua lituе ziwani.