NANI ALIYEZIFUNGIA "SOKSI" ZA DK. REMMY?

Siku hizi msanii wa Bongo akiachia ngoma usiku, kukikucha kitaa kizima kinaiimba. Enzi za wazee haikuwa hivyo. Kwa miaka mingi Tanzania Bara ilikuwa na redio moja tu, Radio Tanzania Dar es Salaam (RTD), na bendi zilirekodi hapohapo kwenye studio ya redio. Mashairi yalipita kwanza kwa wakaguzi. Wakiridhika, wimbo unaenda hewani. Wasiporidhika, ndo basi tena.

Wakaguzi hao walikuwa kina nani? Mtaani hakuna aliyewajua. Waimbaji walitajwa redioni kwa majina, waliokata nyimbo hawakutajwa.

Ndo maana wanamuziki wa zamani walikuwa mafundi wa mafumbo. Huwezi kumsema bosi? Unamwimba mpenzi mwenye dharau, wenye akili wanajaza wenyewe.

Tena siyo mashairi peke yake yaliyochujwa. Novemba 1969 muziki wa soul kutoka Marekani ulipigwa marufuku Dar es Salaam, kwa hoja kwamba unaharibu utamaduni wa taifa. Vijana waliokuwa wakijimwaga nao kwenye madisko wakaambiwa imetosha.

Lakini kuna wimbo mmoja ambao kufungiwa kwake hakukuwa mchezo. Mwaka 1983 wagonjwa 3 wa kwanza wa UKIMWI waligundulika mkoani Kagera. Kufikia 1986 mikoa yote ya Bara ilikuwa na wagonjwa. Watu wanazikana, na kondomu ni neno la kunong'ona. Hapo ndo akatokea Remmy Ongala wa Super Matimila, mzaliwa wa Congo aliyewateka Wabongo, na ngoma yake "Mambo kwa Soksi". Soksi zenyewe ni kondomu. Ujumbe ulikuwa mfupi: vaa, usife.

RTD ikagoma kuupiga. Ishu ilikuwa maadili.

Tuwe wakweli, hoja yao siyo ya kucheka. Redio ilisikilizwa na familia nzima, baba mkwe yupo, watoto wapo, halafu wimbo wa kondomu unalia sebuleni. Aibu ipo. Ila ugonjwa haukuwa na aibu. Mjini wimbo ulivuma hivyohivyo kwenye maonyesho ya bendi, watu wakaujua bila redio. Aliyeumia ni kijana wa kijijini asiye na ukumbi wa dansi, ambaye sauti pekee ya kumfikia ilikuwa ile redio ya mkulima juu ya meza. Huyo ndiye aliyekuwa na shida na wimbo kuliko wote.

Miaka ya 1990 redio binafsi zikaanza, RTD ikapata wapinzani. Kufungia hakukuisha. Machi 2017 Nay wa Mitego akaachia "Wapo". Akakamatwa, BASATA ikaufungia wimbo. Haikuchukua muda, waziri akatangaza kwamba Rais Magufuli ameupenda, jamaa aachiwe na wimbo upigwe. Mashabiki wakashangilia, na walikuwa na haki.

Ukikaa ukatafakari, lakini, kuna kitu hakikubadilika. Sheria haikuguswa. Wimbo ulifungwa kwa sababu wakubwa fulani hawakuupenda, ukafunguliwa kwa sababu mkubwa zaidi kaupenda. Asingeupenda je?

Kuchuja kupo kila mahali. Hata mama mwenye genge anachagua nyanya. Ila mama genge unamjua, na nyanya iliyooza anakuonyesha. Anayefunga mdomo wa mtu naye ajulikane, aseme kanuni ipi imevunjwa, na kuwe na pa kukata rufaa.

Remmy alifariki Desemba 2010. Leo ukipanda daladala za Sinza utamsikia konda akiita "Kwa Remmy, wapo?" Kituo kina jina lake. Waliomfungia hata majina yao hayajulikani.

Wewe ungekuwa mkaguzi wa RTD miaka ile, ungeupiga au ungeukata?