Jembe Liingiapo Darasani

Msomaji, huenda nawe umepata kulishika jembe shuleni kwa sababu moja tu, nayo ni kwamba ulichelewa kufika gwarideni. Katika shule niliyosomea mimi desturi ilikuwa hiyo. Aliyechelewa, aliyepiga kelele maktabani, aliyepoteza tai yake, wote walipelekwa nyuma ya jiko, wakapimiwa hatua kumi za ardhi yenye magugu, wakaambiwa walime. Baadaye mwalimu yule yule aliyetuadhibu huingia darasani na kutufundisha somo la Kilimo, akatuambia kwamba kilimo ndicho uti wa mgongo wa nchi. Tulicheka kimoyomoyo, maana mgongo uliokuwa ukiuma saa hiyo haukuwa wa nchi.

Sasa nafundisha katika chuo cha ualimu, na kila mwaka vijana waendao kufundisha Kilimo katika shule za mashambani huniuliza waanzeje hata somo lipendwe. Mimi huwarudisha nyuma katika historia, kwa kuwa swali hilo lilikwisha kuulizwa zamani, tena limejibiwa kwa namna mbili zilizo mbali sana. Ajabu ni kwamba majibu yote mawili yalifika kwetu kutoka nchi moja, yaani Marekani.

Natuanze na lile lililo jema. Mwaka 1908, katika mji wa Northampton, jimbo la Massachusetts, ilifunguliwa shule ya kilimo kwa fedha za wasia wa tajiri mmoja aliyeitwa Oliver Smith. Mkuu wake wa kwanza alikuwa Rufus Stimson. Bwana huyu alikuwa rais wa chuo cha kilimo cha Connecticut, akakiacha cheo hicho ili aende kuwafundisha watoto wa wakulima. Fikiri, msomaji, shida iliyomkabili mwalimu wa namna hii. Shule ina shamba moja, na wanafunzi ni wengi. Mmoja ataambiwa apalilie, wa pili abebe maji, wa tatu akamue ng'ombe. Mwisho wa mwaka hapana hata mmoja ajuaye kama shamba lilileta faida au hasara, wala hapana akosaye usingizi kwa hofu ya mvua ya mawe, kwa sababu mazao si yake. Wamejifunza kulitumikia shamba; kulitawala hawajajifunza.

Njia aliyoishika Stimson ni rahisi kuieleza, lakini si rahisi kuitenda. Kila mwanafunzi alichagua kazi moja ya kufanya nyumbani kwao, ikiwa ni kufuga kuku, au kupanda viazi, au kutunza miti ya matunda. Darasani alisoma yale yaliyoihusu kazi hiyo. Aliandika gharama na mapato yake katika daftari, na mwalimu alifunga safari kwenda kumtazama huko huko shambani kwa baba yake. Darasa likawa limeongezwa mpaka likafika zizini.

Mtindo huo ulienea. Tarehe 23 Februari 1917 Rais Woodrow Wilson aliitia sahihi sheria iitwayo Smith-Hughes, ambayo iliwapa walimu wa kilimo wa shule za sekondari msaada wa fedha kutoka serikali kuu ya Marekani. Sheria ilidai kwamba wanafunzi wafanye kazi ya kilimo chini ya uangalizi kwa muda usiopungua miezi sita kila mwaka, ama katika shamba la shule ama katika shamba jingine. Maneno hayo, "shamba jingine", ni machache sana, lakini ndiyo yaliyoufungua mlango wa nyumbani. Na ile miezi sita haikuwekwa ovyo. Mmea haujui muhula. Hapa kwetu mvua za masika hushuka Machi, mahindi yakachipua, na palizi ya kwanza hufika mwezi wa Aprili, wakati ambapo shule imefungwa na wanafunzi wa bweni wamekwenda zao. Mashamba mengi ya shule yamekufa kwa likizo ya Aprili kuliko yaliyokufa kwa ukame.

Basi, jibu la pili lilikuwa lipi? Mwaka 1924 ilikuja Afrika Mashariki tume ya Phelps-Stokes, chini ya Thomas Jesse Jones, mtu aliyewahi kufundisha katika chuo cha Hampton, ambako watu weusi wa Marekani walifundishwa zaidi kazi za mikono. Mmoja wa wajumbe alikuwa James Aggrey, mwana wa Gold Coast, ambayo sasa ni Ghana, aliyependwa na wengi kwa ufasaha wake. Tume ilishauri kwamba elimu ya Mwafrika ifungamane na maisha ya kijiji, yaani afya, ukulima na ufundi. Mwaka uliofuata, 1925, Jeanes School ilifunguliwa Kabete ili kuwafunza walimu wa kuzitembelea shule za vijijini.

Ukiyasoma mashauri hayo leo, mengi utayaona kuwa ya busara. Lakini wazazi wengi waliyashuku, na wanafunzi wangu huanza kwa kuwalaumu wazazi hao, wakisema kwamba walikuwa na kiburi cha vitabu. Mimi siwalaumu hata kidogo. Hebu jiweke mahali pao. Unaambiwa mwanao asome ukulima, lakini wewe mwenyewe hukubaliwi kupanda kahawa, zao lenye fedha, kwa kuwa ni la walowezi. Mpaka katikati ya miaka ya 1930 ndipo Waafrika wachache walipoanza kuruhusiwa, kama vile Kisii, Embu na Meru. Ardhi nzuri ya nyanda za juu imetengwa kwa Wazungu. Mwaka 1939 shule ya kilimo ya Egerton inaanzishwa Njoro, na wanaosoma humo ni vijana wa Kizungu, ambao watakuwa mabwana wa mashamba. Mwanao akifunzwa jembe, atalilima shamba la nani? Wakati huo karani ajuaye Kiingereza anavaa viatu na kupokea mshahara. Shule za kujitegemea za Wakikuyu, zilizostawi baada ya mwaka 1929, zilianzishwa kwa sababu nyingi, na moja ni hiyo: wazazi walitaka elimu ya vitabu isiyopunguzwa. Hawakuwa wakilikataa jembe, kwani walikuwa wakilima kila siku. Walikataa mtoto wao afungwe kwenye jembe.

Mwaka 1954 mpango wa Swynnerton uliwafungulia Waafrika wengi zaidi njia ya mazao ya biashara na ya hati za ardhi. Ulitungwa na serikali ya kikoloni katikati ya Hali ya Hatari, kwa makusudi yake ya siasa, na si wote walionufaika nao. Lakini tangu hapo mtu aliweza kusema, bila kuchekwa, kwamba shamba dogo la Mwafrika laweza kumletea fedha.

Hapo ndipo Chavakali inapoingia. Chavakali iko Maragoli, katika kaunti ambayo sasa huitwa Vihiga, mahali penye mvua ya kutosha na watu wengi mno juu ya ardhi ndogo. Kanisa la Marafiki, ambalo wamisionari wake walikuwa Kaimosi tangu mwaka 1902, lilisaidiana na wenyeji, na mwaka 1959 shule ya sekondari ikafunguliwa, nayo ilikuwa shule ya kutwa. Kwa msaada wa serikali ya Marekani, na wa chuo cha Earlham kilichoko Indiana, somo la Kilimo lilianza kufundishwa hapo, likiwa jaribio la kwanza la namna hiyo katika shule za sekondari za Kenya. Katika miaka ya 1960 somo hilo likaenea katika shule nyingine.

Nakuomba uangalie tofauti yake na mashauri ya 1924. Mwanafunzi wa Chavakali hakunyimwa hisabati wala Kiingereza ili apewe jembe. Aliyasoma masomo yale yale ya sekondari, na Kilimo kikaketi katikati yake kama somo lenye sayansi ndani yake, lenye mtihani na lenye alama. Aliyefaulu aliweza kuendelea mbele kama mwenzake yeyote. Na kwa kuwa shule ilikuwa ya kutwa, kijana alirudi jioni katika shamba la nyumbani, palipo migomba na mahindi na ng'ombe mmoja wa mama yake. Likizo ya Aprili haikumtenga na palizi. Kwa maoni yangu, ule ufukara wa kukosa mabweni ulikuwa msaada mkubwa kuliko trekta.

Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985, Kilimo kilienea katika shule nyingi, na katika mtihani wa kidato cha nne mtahiniwa alitakiwa afanye mradi shambani na kuuandikia kumbukumbu. Mzee Stimson angeutambua mara moja. Lakini mimi niliufanya mradi huo, nami ni shahidi wa jinsi ulivyofanywa kwetu. Jioni moja kabla ya madaftari kukusanywa, darasa zima liliandika kumbukumbu za siku tisini kwa kalamu zile zile, chini ya taa ile ile. Mvua ilinyesha katika madaftari yetu yote siku moja, na sukuma wiki za kila mtu zikapata faida. Hapana mwalimu aliyefika kwetu nyumbani hata siku moja.

Kwa sababu hiyo, vijana wangu wanapokwenda mazoezini nawataka wazuru nyumba tatu kabla ya kutoa alama ya kwanza. Mwaka mmoja kijana alirudi viatu vyake vikiwa vimejaa tope, akanionyesha daftari la msichana wa kidato cha tatu. Alikuwa amepanda nyanya nyuma ya nyumba yao. Baka likaziingia, na hesabu yake ilionyesha hasara ya shilingi mia nne na ishirini, imeandikwa kwa wino, pamoja na tarehe aliyoona doa la kwanza, na siku alizochelewa kupulizia dawa kwa kukosa fedha. Baba yake alikuwa amemwambia aifute, aandike faida kama wenzake. Kijana aliniuliza ampe alama ngapi. Nilimwambia ampe zote, kisha arudi kule kabla ya mvua za vuli, apeleke mbegu, na amtafute yule baba azungumze naye.