Mwinjilisti Aliyebeba Jembe



Leo tunamkumbuka Apolo Kivebulaya. Hakuwa wa kanisa letu. Alikuwa Mwanglikana, Muganda kutoka Uganda. Lakini Mboga, mahali alipofanyia kazi, si mbali nasi. Leo tunapaita Boga, kule Ituri, kaskazini ya Beni.

Ujana wake haukuwa wa kujivunia. Alivuta bangi, alikunywa pombe, na alibeba silaha katika vita vya dini vilivyoipasua Buganda. Kama angekuja kwetu kuomba kazi ya uinjilisti, labda tungemwambia akae kwanza kwenye kiti cha nyuma. Alibatizwa mwaka 1895. Mwaka uliofuata, akiwa Toro, alikubali kwenda Mboga.

Walimu wawili walikuwa wametangulia kufika huko. Mwami Tabaro alikataza watu wasiwape chakula, nao walishindwa na njaa wakarudi. Apolo alisikia habari hiyo, na kabla ya kuvuka mto Semuliki alinunua jembe. Alijua kwamba mwenye kulima chakula chake hafukuzwi kwa njaa.

Njaa haikumfukuza, basi mwami akatumia fimbo. Apolo alipigwa vikali hadi akaachwa kama mfu, na mwanamke mmoja alimficha na kumtunza. Halafu dada ya mwami alianguka juu ya mkuki akafa, na Apolo akashitakiwa kwamba ndiye aliyemwua. Alifungwa, akapelekwa Fort Portal. Yeye mwenyewe alishuhudia kwamba katika kifungo hicho alimwona Bwana Yesu, aking'aa kama jua, akimwambia ajipe moyo. Alipoachiliwa, alirudi kwa watu wale wale. Na Tabaro, aliyeamuru apigwe, mwishowe alibatizwa.

Apolo alifanywa kasisi mwaka 1903. Tangu 1921, nywele zikiwa zimeanza kuwa na mvi, aliingia msituni kwa Wambuti, watu ambao wengi waliwadharau. Alikufa Mboga tarehe 30/5/1933. Aliomba azikwe kichwa kikielekea magharibi, upande wa msitu, tofauti na desturi, kwa sababu Injili ilikuwa bado na safari.

Wapendwa, mtume Paulo alisema hazina hii tumeiweka katika vyombo vya udongo. Mama zetu wanajua chungu: kinapasuka, kinashika masizi, lakini maharagwe yanaiva humo. Mungu hakungoja Apolo awe chungu kipya.

Tunasema haya kwa sababu ya siku zetu. Tangu 2014 watu wa Beni wanazika ndugu zao waliouawa mashambani. Mwezi wa sita 2024 Kanyabayonga ilipoanguka, familia nyingi zilipanda hadi Lubero na Butembo na mizigo kichwani. Kati yao kuna mashemasi na waimbaji ambao leo hawataki kushuhudia. Wanasema: nimejaa hasira, nimerudi kwenye pombe, sistahili tena. Ndugu, Apolo pia hakustahili. Tubu, uchukue jembe lako, urudi kazini.

Na sisi wenyeji tujipime. Siku tuliyomwona mhami mlangoni, tukafunika sufuria na kusema chakula kimekwisha, tulifanya kazi ya Tabaro. Sisi wachungaji tumo katika kosa hilo. Lakini Tabaro naye aliokoka, kwa hiyo mlango haujafungwa.

Jina la mwanamke yule aliyemtunza Apolo hatulitaji hapa, lakini bila yeye safari ingeishia pale. Basi tunaomba hivi: mwenye kipande cha shamba kisicholimwa amwachie mhami msimu mmoja apande maharagwe. Asiye na shamba atoe mbegu. Asiye na mbegu akaribishe mtoto mmoja kwenye fufu ya jioni.

Bwana awabariki na kuwalinda.