Ufa kwenye hela ya bibi

Waliosikiliza kipindi kilichopita wanakumbuka niligusia habari ya sarafu ya bibi, muda ukatuishia. Wengi mmeuliza, basi leo naiandika yote.

Bibi yangu mzaa mama alikuwa mtu wa Tabora. Mama alipohamia Sweden alikuja na sarafu moja aliyopewa na bibi, imefungwa kwenye kipande cha khanga. Ni ya shaba ya manjano, pana kuliko krona kumi ya hapa. Upande mmoja ina taji, herufi D.O.A., mwaka 1916 na herufi T. Upande wa pili imeandikwa 20 HELLER. Na kuna mstari mwembamba unaoanzia ukingoni na kukatiza taji.

Mwaka jana mvua iliezua paa la nyumba ya mjomba kule Tabora, ukoo mzima ukawa unachanga. Mama akanipa ile sarafu. "Kaulize inauzwa bei gani." Nikaipeleka kwa muuzaji mmoja hapa Stockholm. Akaitazama kama sekunde kumi hivi, akasema imekwaruzwa, atatoa krona hamsini. Nilikuwa karibu kukubali. Sijui kilichonizuia, labda ni vile hakuigeuza hata upande wa pili. Nikairudisha mfukoni, nikaondoka.

Nina rafiki anayekusanya sarafu za Kirumi. Msidhani ni mambo ya mbali: kisiwa cha Gotland kimetoa denari za Kirumi kwa maelfu, nyingi za karne ya 1 na ya 2, zilizofukiwa ardhini na watu walioishi huko. Jumapili moja akanipeleka Ekonomiska museet, pale Narvavägen, jengo moja na Historiska museet. Nikamwambia kuhusu mkwaruzo wa sarafu yangu. Akaniuliza swali moja tu: "Huo mstari umezama au umeinuka?"

Sikujua. Akanieleza kwa kutumia Warumi.

Denari ilitengenezwa kwa nyundo. Kulikuwa na mihuri miwili ya chuma iliyochongwa picha kinyume. Mmoja ulikaa chini, umekazwa kwenye fuawe. Wa pili ulishikwa juu kwa mkono. Kipande cha fedha kikawekwa katikati, nyundo ikashuka. Kazi hiyo ilikuwa ya watu wengi. Mwaka 115, enzi za Trajan, wafanyakazi wa kiwanda cha sarafu cha Roma waliandika majina yao kwenye mawe waliyoyatoa sadaka kwa miungu yao. Ndani yake wamo waweka-vipande na wapiga-nyundo, watumwa na waliokuwa watumwa.

Sasa fikiria watu hao wamechoka, jua linazama. Kipande kikiwekwa vibaya, nusu ya kichwa cha Kaisari inabaki nje. Muhuri ukiruka baada ya pigo la kwanza na nyundo ikashuka tena, Kaisari anapata pua mbili. Kuna kosa lingine ninalolipenda zaidi: sarafu inaganda kwenye muhuri wa juu bila mtu kuona, kipande kinachofuata kinawekwa, nyundo inashuka. Sarafu hiyo mpya inatoka na kichwa kimoja pande zote mbili, upande mmoja kimetokeza, upande mwingine kimedidimia na kugeuka kama kwenye kioo.

Haya ndiyo makosa ya kiwandani, sarafu imezaliwa nayo. Kuchakaa ni kitu kingine. Denari za Gotland nyingi zimelika sana kwa kupita mikononi, sura zimebaki kivuli tu, lakini hilo si kosa la aliyezipiga. Kukwaruzwa na kukatwa ukingo ni majeraha ya baadaye.

Na mstari je? Mkwaruzo huchimba sarafu, kwa hiyo huzama. Lakini muhuri wenyewe ukipasuka kwa kupigwa mno, shaba au fedha hujipenyeza ndani ya ule ufa, na sarafu inatoka na mstari ulioinuka. Kila sarafu iliyopigwa na muhuri huo baada ya hapo itakuwa na alama ileile, na ufa ukizidi kurefuka, wataalamu wanaweza kuzipanga: hii ilitangulia, hii ikafuata.

Nilirudi nyumbani, nikazima taa, nikaimulika sarafu ya bibi kwa simu kutoka ubavuni. Mstari ulikuwa na kivuli chake. Nikapitisha ukucha. Umeinuka.

Kumbe haikukwaruzwa. Ilizaliwa hivyo Tabora, na sababu yake ni historia yetu. Kabla ya vita, heller zilikuwa zinatoka Ujerumani kwa meli, mia moja kwa rupia moja, tangu 1904. Neno "hela" tunalotumia hadi leo limetoka hapo. Vita vilipoanza 1914, manowari za Uingereza zikaziba njia ya bahari. Fedha mpya haiingii, na watu wenye rupia za fedha wanazificha. Mwaka 1916 Wajerumani wakaanza kupiga sarafu wenyewe Tabora, mji ambao reli kutoka Dar es Salaam ilifika 1912. Walitumia karakana ya reli na shaba waliyoweza kuokota, pamoja na maganda ya risasi na mizinga. T ni ya Tabora.

Mihuri ilichongwa hapohapo, haikufanana. Wakusanyaji hutofautisha zenye taji kubwa na zenye taji dogo. Hayo hayahesabiwi makosa, ni mihuri tofauti tu. Ila mihuri hiyo ilitumikishwa hadi ikapasuka, na kazi ikaendelea nayo vilevile, kwa sababu askari na wapagazi walitakiwa kulipwa na adui alikuwa anakaribia. Tarehe 19 Septemba 1916 jeshi la Wabelgiji kutoka Kongo likaingia Tabora.

Wapiga-nyundo wa Roma waliacha majina yao kwenye mawe. Hela ya bibi ina taji la Kaiser tu, lakini ule ufa si wa Kaiser. Huo umeachwa na kazi yenyewe, na mikono iliyoendelea kuifanya.

Msinielewe vibaya, sijatajirika. Sarafu za aina hii zipo nyingi na nyufa ni za kawaida. Pengine zile krona hamsini hazikuwa mbali sana na bei. Ila sababu aliyoitoa haikuwa ya kweli, na mimi nilikaribia kuiamini kwa vile sikujua kusoma kitu cha nyumbani kwetu.

Nilimweleza mama. Akaishika, akapitisha ukucha kama nilivyofanya mimi. "Kwa hiyo haijaumia," akasema. Pesa ya mabati tuliipata kwa njia nyingine.

Kama kwenu kuna sarafu ya zamani, msiisugue kwa limau wala majivu, mtafuta ushahidi. Imulikeni kutoka ubavuni. Na mwulizeni bibi kabla ya kumwuliza muuzaji. Mimi nilichelewa, wangu hayupo tena.